PIKIPIKI KUUKUU IKIKATAA KUWAKA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiganjo)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara, lakini mtaona kwamba mwisho wa maneno haya ni mshahara pia.

Mwajua kwamba wengi wetu twalala mbali na kazi. Mwenye zamu ya alfajiri atokaye Nyeri mjini kuja stesheni ya Kiganjo hawezi kungoja matatu ijae. Kwa hiyo hununua pikipiki kuukuu. Mwezi wa saba, katika ukungu na baridi ya Mlima Kenya, pikipiki ya mwenzetu mmoja ilizimika njiani. Aliisukuma mpaka kazini, akafika amechelewa. Wiki ile ilizimika mara tatu, naye akapewa barua ya onyo. Fundi alimwuzia plagi mpya. Ikaenda siku mbili. Akamwuzia koili, haikufaa kitu. Kisha akaambiwa kabureta imekufa. Karo ya mtoto ikaliwa hivyo, na pikipiki bado imelala. Jumapili tuliifungua pamoja, tukaona mgonjwa ni kondensa, kitu kidogo kama kidole gumba, na bei yake ndogo kuliko vyote alivyonunua.

Basi neno letu ni moja: pima kwanza, nunua baadaye.

Moto wa plagi hutoka wapi? Katika pikipiki za zamani, kama Honda CG125 za kwanza za miaka ya 1970, gurudumu lenye sumaku huzunguka na kuzaa umeme mdogo. Pointi, yaani vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana, huukata umeme huo ghafula. Hapo koili huugeuza kuwa maelfu ya volti, nao huruka kwenye plagi. Kazi ya kondensa ni kuzuia moto usiruke kwenye pointi zenyewe. Sisi wa reli twazijua pointi: za njia zisipofunga sawasawa, behewa huanguka. Hizi nazo ni vivyo hivyo.

Sasa fuateni utaratibu huu.

Kwanza, fungeni petroli, wala mtu asivute sigara. Toeni plagi, irudisheni katika kofia yake, chuma chake kiguse injini, mbali na tundu lake. Washeni swichi, pigeni kiki. Msiishike kwa mkono mtupu. Moto wa buluu wenye nguvu ni mzima. Basi tafuteni ugonjwa kwenye petroli au hewa. Moto wa manjano, au giza tupu, ni ugonjwa wa umeme.

Pili, kausheni kofia na waya wake. Huku kwetu umande hupita katika mpasuko mdogo, na moto hukimbilia injini badala ya plagi. Tazameni pia swichi na kila waya uliochubuka. Waya ukigusa chuma, moto hufa. Mpaka hapa hamjatoa hata senti moja.

Tatu, jaribuni plagi nyingine iliyo nzima. Nafasi yake katika pikipiki hiyo ni milimita 0.6 mpaka 0.7.

Nne, tazameni pointi. Zikiwa na uchafu, zisafisheni kwa msasa laini, kisha mzipanguse kwa karatasi safi. Zinapoachana kabisa, nafasi ni milimita 0.3 mpaka 0.4. Zikiwa zimeungua na kutoa cheche kubwa, mshukuni kondensa. Mkiweka pointi mpya bila kumgusa yeye, nazo zitaungua upesi. Ndivyo alivyopotea mwenzetu.

Tano, koili. Koili mbovu mara nyingi huwaka asubuhi, huzima injini ikipata joto, kisha hurudi ikipoa. Ipimeni kwa mita kabla ya kuihukumu.

Mkibadilisha pointi, hakikisheni zaanza kuachana wakati alama ya F ya gurudumu inapokutana na alama ya injini. Na gurudumu likibidi kutolewa, tumieni chombo chake cha kulivutia, si nyundo. Nyundo huharibu sumaku na ekseli pia.

Pikipiki zilizokuja baadaye hazina pointi; zina kisanduku cha CDI. Hicho hakifunguliwi, hubadilishwa. Lakini hata hicho, azimeni kwanza cha mwenzenu mwenye pikipiki ya aina ile ile, mjaribu.

Ndugu, hatuwalaumu mafundi wote. Wako mafundi hodari Karatina, Naro Moru na Nanyuki, nao wastahili malipo yao. Lakini mtu asiyejua ugonjwa wake hulipa kwa kila dawa iliyoko dukani. Tena barua ya onyo haiulizi habari ya kondensa.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali mambo mawili. Tuchange tununue mita moja na kipimo kimoja cha nafasi, vikae kwa katibu, kila mwanachama aviazime. Na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tukutane hapa, ajuaye amfundishe asiyejua. Yule mwenzetu amekubali kuleta pikipiki yake iwe ya kwanza kufunguliwa mbele yenu. Sasa yawaka kwa kiki moja, naye hajachelewa tena.

Kidole kimoja hakivunji chawa.