Uganda: Dawa ya Askari na Mfuko wa Taifa

Mwezi Septemba 1986, wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipokutana Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimpa Rais Yoweri Museveni wa Uganda habari nzito. Kati ya maofisa 60 wa jeshi la Uganda waliokwenda Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Jeshi lililoingia Kampala kwa ushindi Januari mwaka huo huo likatambua kwamba ndani ya safu zake yumo adui asiyezuiliwa kwa bunduki.

Uganda haikulificha jambo hilo. Serikali ilianza kuwaeleza wananchi ukweli waziwazi, na mwaka 1987 wagonjwa na jamaa zao wakaunda chama cha TASO ili kusaidiana. Dawa za kufubaza virusi zilipopatikana duniani, bei yake ilimshinda raia wa kawaida, na ilimshinda hata askari. Ndipo mwaka 2000 kituo cha utafiti cha JCRC cha Kampala, ambacho Wizara ya Ulinzi ilishiriki kukianzisha, kikaingiza dawa za bei nafuu kutoka India. Kuanzia mwaka 2004 dawa hizo zikatolewa bure katika hospitali za serikali.

Lakini ni lazima kuuliza: bure kwa fedha za nani? Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili, hasa Marekani na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Baadhi ya kliniki zikafunga milango, na wahudumu waliolipwa kwa fedha hizo wakaambiwa wabaki nyumbani. Hata pale ambapo idhini ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ilitolewa baadaye, hofu ilikwisha kuenea. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mwezi Februari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza huduma za UKIMWI ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Agizo hilo lina hekima yake. Mgonjwa hanyooshewi tena kidole kwa kuingia mlango wa peke yake, na anahudumiwa na muuguzi anayelipwa na taifa. Hata hivyo, foleni ikiwa ndefu na siri ya mgonjwa isipolindwa, wengi wataacha dawa.

Madhara ya kuacha dawa yanafahamika. Anayeimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana, na nguvu zake za kazi hubaki. Anayekatiza humpa adui nafasi ya kujipanga upya, na virusi vinaweza kuwa sugu.

Kwa askari na polisi, hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwani maisha yao ni ya kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo. Kwa hiyo agizo la uhamisho lisimtenge askari na dawa yake. Apewe akiba ya miezi kadhaa, na barua ya tabibu impokee katika kituo kipya. Kamanda anayemdhihaki mgonjwa huwafundisha wengine kujificha, na anayejificha hatibiwi.

Mafunzo haya yanaihusu pia Tanzania. Wilaya ya Rakai na Mkoa wa Kagera zilikumbwa na janga hili karibu wakati mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na virusi havikuonyesha pasi mpakani. Hakuna taifa linalokubali risasi za jeshi lake zitegemee hisani ya mgeni. Dawa inayomweka mlinzi wa taifa hai nayo istahili fungu lake katika bajeti ya taifa, mwaka hadi mwaka.