Siri ya Mtoa Habari na Namba ya Simu



Desemba, shule zikiisha kufungwa, ndio msimu wa ukeketaji katika wilaya zetu za Serengeti na Tarime. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa mlezi anayemkeketesha mtoto, na tangu mwaka 2014 Mugumu ina nyumba salama ya wasichana wanaokimbia. Lakini anayeijua siku iliyopangwa ni shangazi, kaka au jirani, naye baada ya kusema ataendelea kuishi katika boma lile lile. Kulificha jina lake ni haki yake.

Wengi hudhani kwamba wakijiandikisha mtandaoni kwa jina la kubuni wamejificha. Sivyo. WhatsApp hufunguliwa kwa namba ya simu, nayo huonekana na wanakikundi wote. Laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa mwaka 2019 na 2020. Polisi hulipata jina kwa taratibu zao. Mzee wa boma hawahitaji polisi. Hujifanya anatuma shilingi 1,000 kwa namba ile, jina la mwenye laini likatokea kabla hajaweka namba ya siri, kisha akaghairi. Kazi imekwisha.

Facebook huweza kufunguliwa kwa baruapepe badala ya namba. Hata hivyo, programu ikiomba kusoma majina yaliyohifadhiwa katika simu, kataeni, isije ikampendekezea shemeji yako urafiki nawe. Signal hudai namba wakati wa kujiandikisha, ila tangu mwaka 2024 mtumiaji aweza kuificha na kutumia jina alilojichagulia. Msinunue laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mwingine: ni kosa, na lawama humwangukia asiyehusika.

Wapo watakaotumia pazia hili kusingizia wenzao. Hao Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawangoja.

Nanyi mnaopokea habari, sisi mapadre tunafungwa na siri ya kitubio. Ninyi hamfungwi nayo, lakini kusambaza picha ya ujumbe wa mtu kikundini ni kumsaliti.

Kwa jambo la haraka, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Mkimaliza kuongea, ifuteni katika orodha ya simu zilizopigwa, maana simu moja nyumbani hushikwa na wengi.