Kutu Chini ya Rangi

Wiki iliyopita nusura nigombane na mke wangu kwa ajili ya rangi.

Katika gereji ya nyumba yetu hapa London nina gari kuukuu aina ya Lotus Seven, nililolinunua likiwa limefunguliwa na kujazwa kwenye maboksi. Gari hili la Colin Chapman lilianza kuuzwa mwaka 1957, na wengi walilinunua vipande vipande wakajiundia nyumbani. Walikwepa kodi: gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Ilipokuja kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1973, nafuu hiyo ikafutika.

Fremu yake ni mabomba membamba ya chuma, juu yake mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti. Ndiyo maana ni jepesi mno. Lakini maji yakijificha kati ya bati na bomba, kutu inakula polepole wala huioni.

Mke wangu alitaka tupake rangi, binti yetu apandishwe kabla baridi haijaingia. Nikagonga kwa bisibisi bomba lililo karibu na miguu ya abiria. Bisibisi ikazama. Aliyeniuzia, au aliyemtangulia, alikuwa ameziba kwa puti na kupaka rangi nyeusi ya kung'aa. Nami, nakiri, nilitazama mlangoni kwanza kama kuna aliyeniona.

Kisha nikamwita mama watoto. Alichungulia, hakusema neno. Akaenda kuleta tochi, akaanza kutafuta tundu jingine.