Maji ya Moto ni ya Shuka, si ya Ngozi

Hakuna usiku mrefu kama usiku wa mtoto anayejikuna. Mwanangu alipoanza kuwashwa, nilimwogesha maji ya moto yenye chumvi, kama tulivyoogeshwa sisi utotoni. Alitulia kidogo, kisha akajikuna hadi damu.

Kosa lilikuwa langu. Maji ya moto hutuliza kwa muda mfupi tu. Huondoa mafuta ya ngozi, ngozi ikakauka, na muwasho ukarudi kwa nguvu zaidi. Dawa ya haraka ni baridi. Chovya kitambaa safi katika maji baridi, kikamue, ukiweke panapowasha kwa dakika 10. Barafu usiiweke moja kwa moja. Ifunge kwanza kwa kitambaa. Kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na ukate kucha za mtoto.

Lakini baridi hutuliza, haiponyi. Muwasho ukizidi usiku, na vipele vikatokea katikati ya vidole, huenda ni upele unaoletwa na vidudu vinavyochimba ngozi. Hapo nendeni zahanati, na nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyewashwa. Sasa ndipo maji ya moto yanapopata kazi yake: fulieni shuka na nguo, mzianike juani, mzipige pasi.

Mimi nilichelewa wiki mbili kwa kuwaonea haya majirani. Upele ni maradhi, si aibu. Wewe usichelewe.