Saa ya Rubani na Mashine Mpya



Julai 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwani humu Mafia kuelekeza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani, Königsberg, katika delta ya Rufiji. Rubani huishi kwa hesabu ya dakika: ndege ya mwendo wa kilomita 240 kwa saa hukata kilomita 4 kila dakika. Ndiyo sababu saa za mkono zenye vitufe vya kuanzisha na kusimamisha akrabu zikawafaa marubani.

Zilipokuja saa za betri, hizo nusura zife. Mwaka 1979 kampuni ya Breitling ilinunuliwa na Ernest Schneider, naye alikuwa rubani. Mwaka 1984 akatoa Chronomat: jina la zamani, ndani mashine ya Valjoux 7750 ya miaka ya 1970, inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono.

Marehemu ami yangu, rubani wa ndege ndogo, aliniachia saa ya namna hiyo. Fundi mmoja akaitia mashine ya betri, ile ya zamani akaitupa! Saa ikaenda barabara, vitufe vikawa pambo. Fundi wa pili akapata mashine mpya yenye kazi ile. Uso haukuoana nayo, ukabadilishwa. Cha ami kimebaki kasha na vitufe. Ndugu zangu wanasema si saa yake tena. Mimi naona haikuwa yake ilipokuwa pambo.

Jana, ndege ilipoacha lami Dar es Salaam, nilibonya. Kilindoni nikabonya tena: dakika 31, sekunde 40.