Programu ya Simu Ikiwa na Kasoro, Tuambiwe Wazi
(Mazungumzo na wakazi wa kambi)



Wengi wetu tunaishi kwa pesa zinazotumwa kwa simu. Kijana anafanya kibarua Jinja au Mbale, mama yake anazipokea hapa kambini. Kwa hiyo usalama wa simu ni jambo la chakula.

Programu za simu hutengenezwa na watu, na kazi ya mtu haikosi kasoro. Kasoro nyingine ni kama tundu ukutani: mwizi hupitia hapo. Je, mtengenezaji akiliona, atuambie nini na lini?

Akitangaza kabla ya kuliziba, anamwonyesha mwizi njia. Ndiyo maana aliyeliona tundu humwarifu kwanza mtengenezaji peke yake. Lakini siri hiyo lazima iwe na mwisho. Wachunguzi wa Google humpa mtengenezaji siku 90. Zikipita bila tundu kuzibwa, wanalitangaza.

Tazameni mifano miwili. Mwezi Mei 2019, WhatsApp ilikuwa na tundu ambalo majasusi walilitumia kuingia katika simu kwa kuipigia tu, hata mwenyewe asipopokea. Kampuni ililiziba, ikataja programu zenye kasoro, ikawahimiza watu waweke programu mpya.

Mwezi Oktoba 2020, hapa Uganda, wezi waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na pesa za simu. Stanbic, MTN na Airtel walitangaza kwa pamoja kwamba mtoa huduma mmoja amepatwa na tatizo, huduma hiyo imesimamishwa, na akiba za wateja hazikuguswa. Hawakumtaja mtoa huduma huyo, wala hawakueleza wezi walipitia wapi.

Bomba la maji likichafuka, tunaambiwa ni bomba lipi na tuchote wapi. Tangazo la programu nalo liseme:

1. Ni programu gani yenye kasoro.
2. Nani ameguswa, na tangu lini.
3. Tundu limezibwa au bado.
4. Mtumiaji afanye nini.

Nasi tuna wajibu. Ukiambiwa uweke programu mpya, usichelewe. Na mtu akikupigia akisema anarekebisha kasoro, anataka namba yako ya siri, huyo ni mwizi. Kata simu, uwaonye majirani.