Gitaa Kuukuu na Hadhari za Mnunuzi

Wasikilizaji wetu watukufu wa Kibondo na Kasulu, gitaa kuukuu la bei nafuu si chombo cha kudharauliwa, kwani yale ya chapa ya Gallotone, yaliyoundwa Afrika ya Kusini na kuenea katika nchi nyingi za bara letu miaka ya 1950, yalifika hata Uingereza, ambako kijana John Lennon, mwanamuziki mashuhuri baadaye, alilipiga mojawapo mwaka 1957, nalo lilikuwa na karatasi ya dhamana ndani yake kwamba halitapasuka.

Dhamana ya namna hiyo, itokanayo na mbao zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, ina thamani kwenu, kwa kuwa mbao hizo hustahimili ukavu kuliko ubao mzima, na katika nyanda zenu mvua za miezi mingi hufuatwa na kiangazi kikali.

Basi, kabla ya kutoa fedha, itazame shingo kwa jicho moja tangu kichwani hadi tumboni. Kisha gonga tumbo taratibu kwa kidole, usikilize kama pana gundi iliyoachia ndani. Hatimaye piga uzi mtupu, halafu uubane penye kijiti cha chuma cha 12, na sauti iwe ile ile ya kwanza, ila nyembamba zaidi. Shingo iliyopinda ndiyo ila kubwa, na kuitengeneza aghalabu hugharimu zaidi kuliko gitaa lenyewe. Mikwaruzo ya rangi isikushughulishe.

Wala usifunge kamwe nyuzi za chuma katika gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, kwani mkazo wake waweza kuling'oa daraja.